Alama Haina Mdomo

Siku ile mvua ilitukuta uwanjani. Ilikuwa mechi ya kirafiki, vijana wa zoni yetu na vijana wa zoni ya jirani, na wanaoijua Nyarugusu wanajua mvua ya hapa ikianza haiombi ruhusa. Udongo mwekundu uligeuka tope, mpira ukawa hauendi, vijana wakawa wanateleza tu na kucheka. Mmoja akavua jezi akaikamua. Wengine wakamfuata. Na yule beki wetu, ambaye siku zote huvaa shati la mikono mirefu chini ya jezi hata jua likiwa kali namna gani, naye akajisahau. Akavua.

Kifuani alikuwa na chale. Siyo moja wala mbili. Mistari mifupi mifupi, myeusi, imepangwa kutoka bega mpaka bega, na mingine kwenye mikono juu ya kiwiko. Kicheko kikakatika. Sijui nani alinyamaza wa kwanza, ila nakumbuka ghafla nilianza kusikia sauti ya mvua.

Na mimi, mfanyakazi wa vijana, mtu niliyekaa kwenye semina za ulinzi wa watoto mpaka nikapewa cheti, nilifungua mdomo nikauliza mbele ya wote: "Wewe, ulipitia Mayi-Mayi?"

Hakujibu. Alivaa shati lake lililolowa, akashika viatu mkononi, akaenda zake. Hakurudi kituoni kwa miezi minne.

Naandika haya kwa sababu ya ile miezi minne. Wengi mnaosoma jarida hili mnatoka upande ule ule wa ziwa niliotoka mimi, kwa hiyo mnajua ninazungumzia nini. Karibu kila mmoja wetu ana jirani mwenye alama za namna hii, au anazo mwenyewe chini ya nguo. Tunazijua na hatuzisemi. Mimi nataka tuziseme, kwa njia ya swali moja: alama iliyo kwenye mwili wa mtu, iliyowekwa ili imuunganishe na nguvu za upande wa pili, ni ya nani? Ni ya mwenye mwili, ni ya yule aliyeichanja, au ni yetu sisi tunaoiona?

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kuchanja. Mganga anachanja, na nesi wa kliniki naye anachanja. Kazi ya nesi tunaiita chanjo, kazi ya mganga tunaiita chale, lakini zote zinaweza kuacha kovu mkononi, na mzazi anampeleka mtoto kwa nia ile ile: asidhurike. Tofauti ni kwamba nesi anaingiza kitu kilichotoka kiwandani, na mganga anaingiza kitu anachosema kimetoka kwa mizimu. Anachukua wembe, anakata mikato mifupi, halafu anasugua dawa ndani, mara nyingi majivu ya mizizi au majani yaliyochomwa. Ndiyo maana kovu la chale linabaki jeusi. Damu imetoka, dawa imeingia. Wazee wanasema ngozi ni mlango. Ukifunguliwa na mkono unaostahili, unaweza pia kufungwa ili mwingine asiingie. Mwenye chale, kwa imani hiyo, ameguswa na upande wa pili na amerudi na mhuri.

Mimi mwenyewe ninazo mbili, ndogo, pembeni ya jicho la kushoto. Nilikuwa mtoto mchanga mwenye degedege, na bibi yangu alinichanja usiku mmoja ambao mama anasema walishaanza kutafuta sanda. Nikapona. Mama anasema Mungu, bibi alisema dawa, na mimi sikuwa na akili ya kushuhudia. Lakini kusema kweli, alama hizi nimeziona aibu muda mrefu. Nikiwa sekondari nilimwambia msichana mmoja kwamba nilianguka na baiskeli. Kwa hiyo ile siku ya mvua, aliyekuwa akimuuliza mwenzake kuhusu chale zake ni mtu ambaye za kwake alizipa baiskeli.

Sasa, chale za kifua cha yule kijana ni za namna nyingine, na zina historia. Jina Mayi-Mayi ni maji tu, mai kama tunavyosema kwetu. Imani ya maji yanayogeuza risasi haikuanzia kwetu. Nchi hii inayotuhifadhi iliijua mapema. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale alitoa maji kule Ngarambe, watu wakaamini risasi za Wajerumani zitayeyuka zikifika mwilini. Yeye alinyongwa mwezi wa 8 mwaka huo huo, na vita ya Maji Maji iliendelea mpaka 1907, na njaa ikamaliza watu wengi kuliko bunduki. Kwetu Kongo, mwaka 1964, wapiganaji wa Simba walichanjwa, wakanyunyiziwa maji, wakaenda vitani wakipiga kelele "Mai Mulele!" Fizi na Uvira zilikuwa kati ya sehemu za kwanza kushika moto. Mwaka uliofuata Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, mkoa huu huu tulipo, akakaa na waasi miezi kadhaa kwenye milima ya kwetu. Aliandika kuhusu ile dawa. Aliambiwa kwamba inamkinga mpiganaji kwa masharti: asichukue kitu kisicho chake, asimguse mwanamke, na asiogope.

Hebu soma tena hilo sharti la tatu. Asiogope. Nani amewahi kwenda kupigwa risasi bila kuogopa?

Hapo ndipo nilipokwama kwa siku nyingi. Dawa yenye masharti ya namna hiyo haiwezi kushindwa. Aliyerudi mzima, dawa imefanya kazi. Aliyekufa, amevunja sharti. Mganga hapotezi, kamanda hapotezi, anayepoteza ni maiti peke yake, na anapoteza mara mbili: kwanza uhai, halafu jina. Maana si tu kwamba amekufa, sasa amekuwa mwizi, au mzinzi, au mwoga. Hata mama yake akiuliza ataambiwa mwanao alikosea. Ile alama iliyochorwa kumlinda imegeuka kuwa ushahidi dhidi yake.

Haya sikuyasoma tu. Nilikuja kuyasikia.

Baada ya ile miezi minne nilimfuata yule kijana. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya shangazi yake anapiga matofali. Nilitaka kuanza na maneno ya semina, yakanikimbia. Nikamwambia tu, "Mdogo wangu, nilikukosea. Nisamehe."

Akaendelea kujaza udongo kwenye kibao. Kisha akasema, "Yaya, uliniuliza mbele ya batu. Ungeniuliza tukiwa wawili, ningekuambia."

Siku ile hakuniambia kitu. Aliniambia baadaye, kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, na mara nyingi mikono yake ikiwa kazini. Amenipa ruhusa niandike, bila jina wala kijiji, na nafasi anayocheza uwanjani nimeibadilisha.

Mimi nilitaka aseme alitekwa. Ingekuwa rahisi kwangu, kwa sababu mtoto aliyetekwa tunajua tumuweke wapi. Hakusema hivyo. Alisema, "Nilienda mwenyewe. Hakuna mtu alinifunga kamba." Alikuwa na miaka 13. Kijijini kwao watu wenye silaha walikuwa wanakuja usiku, mara kundi hili, mara kundi lile, na watu walikuwa wanalala porini kwenye umande. Aliona kwamba wanaolala nyumbani ni wale waliochanjwa tu. Basi akaenda na binamu yake wa umri mmoja naye. Walichanjwa siku moja, kwa wembe mmoja, na aliyewamwagia maji alikuwa mtoto mdogo kuliko wao, maana dawa inataka mikono ambayo haijajua mwanamke.

Walipewa masharti. Wasiibe. Wasile vyakula fulani. Wasiguswe na mtu asiyechanjwa. Wakitembea kwenda vitani wasitazame nyuma. Alisema tangu siku ile alijisikia si mtu wa kijijini tena. Mama yake alipokuja kumsalimia alirudi nyuma hatua mbili asiguswe. Hiyo ndiyo ninaiita kuvuka. Hakuvuka mto wala mpaka wa nchi, alivuka akaenda upande mwingine akiwa bado anaona moshi wa jiko la mama yake.

Vita ya kwanza, binamu yake alipigwa risasi ya shingo. Jioni kamanda aliwakusanya akawaeleza: yule alikula kiazi cha wizi, kwenye shamba la watu, njiani. Kwa hiyo dawa ilimwacha. Wakaambiwa wasimlilie, maana kumlilia aliyevunja sharti nako ni kuvunja sharti. Hawakumlilia.

"Lakini Yaya," aliniambia, "kile kiazi tulikula wawili. Nilikivunja mimi. Nusu yangu, nusu yake."

Nilimuuliza sasa kwa nini yeye hakufa. Akasema hilo ndilo swali ameishi nalo. Kwa muda alifikiri dawa yake ilikuwa na nguvu kuliko ya mwenzake. Kisha akafikiri ni zamu yake tu bado haijafika. Kisha, akiwa huku kambini, usiku mmoja akafikiri labda risasi haijui kitu kuhusu viazi. Alisema wazo hilo lilimtisha kuliko yote. Kama risasi haijui kitu, basi ndugu yake hakukosea chochote, na wao walimwacha pale bila kumlilia.

Kwenye mafunzo yetu tunaambiwa kijana wa namna hii anahitaji kusahau na kuanza upya. Sidhani. Naona yule kijana anahitaji kulia kilio alichokatazwa, na hawezi kukilia kama kila anayeona kifua chake tayari anajua jibu.

Maana wapo wanaojua jibu. Mhubiri mmoja alimwambia chale zile ni mlango wa mapepo na kwamba mpaka zitoke hataokoka. Kijana akaenda mtoni akajikwangua kwa jiwe. Alama tatu za upande wa kushoto sasa ni kovu bapa, kubwa kama kiganja cha mtoto. Zile nyingine alishindwa. Nimekaa nikatafakari jambo hilo: wa kwanza alimkata ili dawa iingie, wa pili akamfanya ajichune ili dawa itoke, na wote wawili walikubaliana kitu kimoja, kwamba yeye ni ile alama. Mwenye ngozi hakuulizwa na yeyote. Na wa tatu ni mimi, niliyeuliza kwa sauti ya hukumu.

Hadi hapa msomaji unaweza kudhani nataka kusema alama ni ngozi tu, tuiache. Mwenzangu mmoja kituoni anasema hivyo: "Ni kovu, kama la baiskeli." Ningependa iwe hivyo. Lakini kuna mama mmoja anauza dagaa karibu na uwanja.

Yeye alikuja kituoni wiki moja baada ya ile mvua. Alikuwa hajaketi hata. Akasema, "Mwanangu, huyu mtoto ni wao." Nikaanza kumweleza: Mama, alikuwa mdogo, alikuwa na miaka 13, Mama, hata hatujui kama alikuwa kundi lile lile. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akasema, "Usiku ule mimi sikuona umri wao. Sikuona hata sura, walikuwa wamejipaka. Niliona vifua."

Watoto wake wawili walibaki kule. Sitaandika zaidi ya hapo, ni habari yake si yangu.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi huwa tunaitumia methali hiyo kumcheka mtu mwoga. Lakini yule mama hakuona unyasi. Aliona kitu kile kile. Nikimwambia "ni ngozi tu" nitakuwa namwambia kwamba alichokiona usiku ule nacho kilikuwa ngozi tu. Alama inayomuumiza huyu kijana ndiyo inayomuumiza na yeye, na kila mmoja anaisoma kwa kweli yake. Sasa mfanyakazi wa vijana afanye nini? Amtoe kijana kwenye timu? Amwambie mama asogeze meza yake ya dagaa?

Sikuwa na jibu, kwa hiyo nilifanya ninachofanya nikikosa jibu, nikafungua Biblia. Wengi wetu tumekulia kanisani na tunazijua hadithi hizi, lakini nadhani tunazisoma kinyume.

Chukua Kaini. Muulize mtu yeyote sokoni alama ya Kaini ni nini, atakuambia ni laana. Nenda Mwanzo sura ya 4 usome polepole. Laana ilishatolewa kabla. Kaini analia kwamba sasa yeyote atakayemkuta atamuua, na ndipo Mungu anamwekea alama ili asiuawe. Alama ni ulinzi. Na aliyelindwa siyo mtu asiye na hatia, ni muuaji wa ndugu yake. Maandiko hayasemi hata alama ilikuwa ya namna gani, kama ilikuwa pajini au mkononi. Sisi tulioisoma tukaigeuza. Mungu aliweka alama inayosema msimguse huyu, na binadamu wakasoma mkimbieni huyu.

Chukua Yakobo. Alishindana usiku kucha na mtu asiyemjua, na alfajiri akaondoka na vitu viwili: baraka na kiguu. Huyo aliyemgusa hakumponya nyonga kabla ya kumwacha. Na asubuhi ile ile, akiwa anachechemea, alikwenda kukutana na Esau, ndugu aliyemdhulumu. Esau alimkimbilia akamkumbatia. Hatusomi popote kwamba alimuuliza kwanza, "Mguu umefanya nini?"

Na chukua Musa, ambaye mimi namuona ndiye mwalimu wangu katika jambo hili. Alishuka mlimani uso wake unang'aa kwa sababu alikuwa amezungumza na Mungu. Mambo mawili yapo pale. La kwanza, Musa mwenyewe hakujua kwamba uso wake unang'aa. Mwenye alama anaweza kuwa wa mwisho kujua wengine wanaona nini. La pili, watu waliogopa kumkaribia, hata Haruni kaka yake. Na ile ilikuwa alama njema, ya utukufu kabisa! Sasa Musa alifanyaje? Hakuwaambia ninyi mna imani ndogo. Aliwaita, akazungumza nao, kisha akaweka utaji usoni. Akiingia kuzungumza na Mungu, anautoa. Akirudi kwa watu, anaurudisha.

Utaji ule haukuwa uongo. Musa hakusema aliungua na jua. Wote walijua kilichopo chini yake. Ulikuwa njia ya watu walioogopa na mtu aliyeguswa kuendelea kukaa kambi moja. Na wao pia walikuwa kambini, tusisahau, kwenye mahema, njiani, mbali na kwao.

Wakatoliki watanikumbusha Padre Pio, aliyepata madonda ya mikono mwaka 1918 na akawa anayafunika kwa glavu. Jirani yangu Mwislamu naye ana ile alama ya sijda pajini, na nilipomuuliza alisema, hii haionyeshwi, inaonekana tu, ukianza kuionyesha imeshaharibika. Naona watu wa dini mbalimbali wamefika mahali pamoja: kilichotoka upande wa pili kinafunikwa, hata kikiwa kizuri. Hakifunikwi kwa sababu ya aibu. Ni kwa sababu macho ya watu ni mazito.

Nilirudi kwa yule mama. Safari hii nilikaa chini, nikamuuliza badala ya kumweleza. Nilimuuliza anataka nini. Nilitegemea aseme afukuzwe. Alifikiri muda mrefu akichambua dagaa, akasema, "Simuombei mabaya. Na yeye ana mama mahali. Lakini asivue shati mbele yangu."

Nikamuomba ruhusa nimfikishie maneno hayo, akakubali. Nikaenda kwa kijana. Nilijua ni mzigo ninampelekea, na nilikuwa na maneno tayari ya kumpa faraja. Hakuyahitaji. Aliuliza tu, "Wangapi?" Sikuelewa. "Watoto wake, wangapi?" Nikamwambia wawili. Akanyamaza, akageuza tofali moja lililokuwa linakauka. Kisha akasema, "Mwambie shati haitatoka."

Mwenzangu wa kituoni anapinga. Anasema tumemfanya kijana abebe hofu ya mtu mwingine mwilini, kwenye joto hili, kana kwamba kweli ana kosa. Namsikia, na kuna siku namkubali. Ninachoweza kusema ni kwamba kuna shati la namna mbili. Lile alilokuwa akivaa kabla ya mvua lilikuwa la kujificha, alilivaa peke yake, na angeweza kuvuliwa na mtu yeyote kwa swali moja, kama nilivyofanya. Hili la sasa amelitoa kwa mtu fulani, kwa sababu anayoijua. Mwenyewe anasema halina uzito ule ule. Lakini nikiri pia: lisiwe la upande mmoja. Yeye akitoa shati lake, sisi wengine tunatoa nini? Nadhani sisi tunatoa ulimi. Hatuulizi. Hatunong'oni akipita. Hatumwambii mchumba wake, hatumwandiki kwenye orodha ya watu hatari, hatumpeleki kwa mtu wa kumkwangua. Akitaka kusema, atasema kwa aliyemchagua.

Kwa hiyo nikirudi kwenye swali langu la mwanzo, alama ni ya nani, jibu langu ni hili. Alama inaweza kusema mtu alipita wapi. Haiwezi kusema aliingiaje, alifanya nini humo, wala alitokaje. Haina mdomo. Maana yake ni ya mwenye mwili, na ni yeye tu mwenye haki ya kuieleza. Lakini hofu ni ya aliyeumizwa, na hakuna mwenye haki ya kumwamuru aiache. Vitu hivyo viwili vinakaa kambi moja na havitapatana kwa sababu mimi nimeandika makala. Kazi yetu sisi tulio katikati ni kutokuwa mdomo wa alama isiyo yetu.

Kule porini kuna dawa ya kuingia. Wanakuchanja, wanakumwagia maji, wanakupa masharti, na unavuka. Yeye hakupewa dawa ya kutoka. Alitoka usiku, kwa miguu, halafu kwa mtumbwi, na hakuna aliyesimama huku ng'ambo na maji ya kumwosha au maneno ya kumwambia sasa umerudi. Labda hiyo ndiyo kazi ya kambi kama hii, na labda hatujaijua bado. Sijui maneno yake yangekuwa yapi. Najua tu kwamba hayaanzi na "Wewe, ulipitia."

Sitaki mdhani mambo yameisha vizuri. Mama wa dagaa na kijana hawasalimiani. Yeye akija uwanjani anapita njia ya chini, ile ndefu ya karibu na bomba la maji, asipite mbele ya meza. Mama naye siku za mechi anageuza kiti. Mara moja tu, mpira uliruka ukaangusha beseni lake, na ni yeye aliyekuwa karibu. Aliinama akaokota dagaa wote mmoja mmoja, akaweka beseni mezani bila kuinua macho. Mama alisema "Haya." Ni hilo tu.

Nilimsomea makala hii kabla ya kuituma. Alisikiliza mpaka mwisho. Pale kwa Kaini alitaka nirudie, nikarudia. Kisha akasema, "Na wewe andika za kwako ni za nini, siyo mimi tu." Ndiyo maana mmesoma kuhusu bibi yangu na degedege. Zile za pembeni ya jicho, wale mlioniuliza miaka yote hii: sikuanguka na baiskeli.

Kama kuna msomaji mwenye jibu bora kuhusu lile shati, toleo lijalo lina kurasa. Aandike.